Filamu Aliyocheza Mke Wangu

2 Machi

Mvua ilianza jana alasiri, bila hata upepo wa kutangulia. Leo nimekwenda kutazama filamu mpya ya magari, na mama mkwe akanisindikiza. Magari yanafukuzana mjini, yanafukuzana jangwani, mwishowe yanafukuzana ndani ya jengo. Tulipotoka aliniuliza kama kuna hata mmoja aliyefika alikokuwa anakwenda. Nimeifunga makala yangu kwa swali lake, na mhariri amesema ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizomletea mwaka huu.

4 Machi

Ninaandika hapa yale yasiyoingia gazetini. Safu yangu hutoka kila Ijumaa: filamu moja ya kale, moja ya leo, maneno mia sita, na mhariri hana mchezo na la mia sita na moja. Nimeiandika tangu nikiwa na nywele.

Mama mkwe, ambaye namwita Mama tu, alikuja nyumbani hapa kwenye msiba wa mke wangu, akabaki ili amalizie kuosha vyombo vya wageni, na hakuondoka tena. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo nyumba ni yetu wawili: mimi chumba cha mbele, yeye cha nyuma kinachopata jua. Alikuwa mkunga, na bado anaingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Watu huuliza nani anamtunza mwenzake. Mimi naosha vyombo, yeye ananiambia havijatakata. Mwaka jana aliacha kuniambia havijatakata, na hapo ndipo nilipojua macho yake yana kasoro.

Ni presha ya macho. Daktari alieleza kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: katikati kuna mwanga, pembeni kote ni kiza. Dawa ya matone inachelewesha, haiponyi. Ndiyo maana sinema tunakaa mstari wa nyuma kabisa, ili skrini yote iingie kwenye tundu lake.

6 Machi

Mvua. Filamu ya kale ya wiki hii ni ya hakimu anayempenda mshtakiwa. Imezeeka vizuri kuliko mimi.

9 Machi

Leo Gundi amenipigia simu. Ni mkuu wa jumba la hifadhi ya filamu. Waandishi tumempa jina hilo kwa sababu vidole vyake siku zote vimeganda gundi ya kuungia mikanda. Ni mtu wa kuongea polepole mno, kama anakulipisha kwa neno. Alisema sinema moja kuukuu inabomolewa, na stooni mwake yametolewa makopo ya mikanda, na kwenye makopo manne kumeandikwa "Nyumba ya Fundi Saa."

Hiyo ndiyo filamu pekee aliyocheza mke wangu. Aliicheza kabla sijamjua, akiwa na miaka ishirini, kama binti mdogo wa fundi saa. Ilionyeshwa msimu mmoja, kampuni ikafunga milango, nakala zikapotea. Sijapata kuiona. Nilipokuwa nikimuuliza alikuwa akisema, "Nilikuwa mbaya sana," kisha anaulizia chumvi.

Mama yake hakwenda kuitazama. Hilo lilijulikana na kila mtu kwenye ukoo. Mama na binti hawakusemezana tangu filamu ilipotoka hadi harusi yetu. Mimi siku zote nilihesabu kuwa ni majivuno: mkunga mkuu wa hospitali hakutaka kuona jina la familia yake kwenye bango la barabarani.

Nilimwambia wakati wa chakula. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Itaonyeshwa lini?"

Nilimjibu kuwa Gundi anataka kuirekebisha, labda mwisho wa mwezi.

"Nitakwenda," akasema, akaomba maji.

15 Machi

Mvua. Filamu mpya ya mapenzi: wawili wasiopendana wanapendana. Mama alilala. Nami nusura.

24 Machi

Nilikwenda jumba la hifadhi. Paa la ukumbi wao linavuja sehemu nyingi, na viti vimefunikwa nailoni. Gundi alinionyesha makopo. La kwanza, la tatu na la nne hayana ukungu, ila mikanda imekauka kama majani makavu. La pili limeota ukungu, na mkanda umegandana kama karatasi zilizolowa. Akasema onyesho limesogezwa hadi katikati ya Aprili, mvua ikiruhusu.

Nikamwomba anionyeshe angalau kipande, mimi na mama mkwe, kwenye meza yao yenye kioo kidogo cha kutazamia mikanda. Alikataa. Alisema mkanda haujapona, akiupitisha kwenye mashine utakatika. Nikasema hata dakika tano. Akasema hata moja. Hakuuliza kwa nini naharakisha, nami nikawa na kiburi cha kutomweleza.

27 Machi

Badala ya filamu ya kale nimeandika juu ya jumba la hifadhi: mapaa yanayovuja, kumbukumbu zinazooza, wakubwa wanaolala. Ni makala kali. Mhariri ameipenda na kuipandisha ukurasa wa tatu. Mama alitaka nimsomee, nikamwambia si ya filamu.

2 Aprili

Daktari wa macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia tundu limezidi kuwa dogo. Mama alikaa wima, mkoba magotini, akamuuliza kama ni wiki au miezi. Daktari ni kijana mpole. Alisema hawezi kujua, kisha akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, akasema kama kuna kitu tunataka Mama akione tusingoje.

Mama akamwambia yuko huku, aongee huku.

5 Aprili

Nilirudi kwa Gundi kwenye mvua. Makala yangu ilikuwa imebandikwa ukutani mwa karakana yake.

"Umeandika tunalala," akasema. "Ingia basi uone tunavyolala."

Alikuwa ameinamia roli ya pili, ule mkanda uliogandana. Anaifungua kwa mkono, kwa kipande cha mfupa kilichochongwa kama kisu cha siagi, anapuliza, anasubiri, anafungua tena. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa urefu wa mkono wake. Nikakaa nikamtazama mpaka hasira ikaniishia, ikabaki aibu ya kawaida. Ndipo nilipomweleza habari ya macho ya Mama, na kwamba binti mdogo wa fundi saa ni mke wangu.

Aliuweka mfupa mezani. Akasema bado hawezi kuupitisha mkanda, na kwamba hapo ulipogandana ndipo binti mdogo anapoonekana zaidi, na akiulazimisha ndiye atakayechanika kwanza. Sikubishana naye. Akaniuliza kama ni yule mwenye nywele zilizosukwa. Nikasema sijui, sijaiona.

Nilipofika nje nikagundua nimeacha mwavuli. Sikurudi kuuchukua.

6 Aprili

Mvua. Sikutoka.

9 Aprili

Mvua. Barabara ya kwenda mjini imekatika. Onyesho limeahirishwa tena.

13 Aprili

Haikunyesha hadi jioni. Mama alikuwa akichambua mchele kwa vidole, sinia iko mapajani, macho ameyaelekeza ukutani. Mimi nilikuwa natafuta kivumishi. Akaanza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Wewe ulidhani niliona haya."

Nikasema ndiyo, nilidhani hivyo.

Alisema watu wote walidhani hivyo naye akawaacha, kwa sababu haya ni kitu rahisi kueleza. Kilichotokea ni kwamba jirani yake alikwenda siku ya kwanza ya onyesho, akarudi macho mekundu, akamshika mikono, akamwambia binti yako anakufa vizuri sana.

"Anakufa vizuri," Mama akarudia. "Kama mtu anayesifu mapishi. Basi mimi nikasema siendi. Mtoto nimemzaa, halafu nilipe kiingilio nikajizoeze kumwona amekufa?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia binti yake hivyo. Akasema kulitamka ilikuwa ni kama kumwita mauti aje. Afadhali mtoto amwone mama yake mwenye majivuno. Na mtoto, akasema, alikuwa na majivuno yake pia, hakuuliza mara mbili.

"Na sasa?"

"Sasa nimeshamwona akifa kweli. Wewe ulikuwepo. Ile ya kuigiza haina la kunifanya tena." Alitupa kijiwe nje ya sinia. "Nataka kumwona akitembea. Ana miaka ishirini, hajui lolote."

Nimekaa na mtu huyu meza moja miaka yote hii, nikiwa nimeshamwandikia uhakiki wake kabla hata sijamtazama hadi mwisho.

16 Aprili

Mvua. Filamu mpya ya majambazi wa benki. Wamepona wote, kwa bahati mbaya.

19 Aprili

Nilirudi mchana. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Akaniambia nifungue pazia, mvua imeleta giza mpaka hata mikono yake haioni.

Pazia lilikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua, la kwanza baada ya siku nyingi, nalo lilikuwa limemwangukia magotini.

Nilisimama na viatu mkononi. Nilifikiria kwenda kulifunga na kulifungua tena, ili nipate muda. Mwishowe nikamwambia, "Mama, pazia liko wazi."

Akaweka kiganja juu ya goti, pale penye joto. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Basi," akasema. "Ndiyo hivyo."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

20 Aprili

Daktari amethibitisha: jicho la kulia nalo limekwisha. Njiani kurudi Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, jambo ambalo hajapata kulifanya. Hana mkono mzito.

23 Aprili

Alasiri mtu alibisha hodi. Alikuwa Gundi, amelowa mpaka soksi, na mwavuli wangu ameubana kwapani bila kuufungua, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia bahasha kubwa iliyozungushiwa nailoni. Nilimkaribisha. Akakaa kwenye ukingo wa kiti ili asikiloweshe.

Alieleza, kwa mwendo wake ule ule wa kinyonga, kwamba roli ya pili imefunguka yote. Na kwamba alikuwa amefikiria habari ya tundu la ufunguo, akachukua picha moja kutoka kwenye mkanda, akaikuza, uso tu, ili iingie kwenye tundu. Akampa Mama mkononi.

Nilipaswa kusema kitu. Nilichelewa.

Mama aliichomoa taratibu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wake, mbali kiasi, kama watu wanavyoshika picha. Upande wenye picha ulikuwa umetutazama sisi. Yeye alikuwa ametazama mgongo wa karatasi, mweupe. Na hivyo ndivyo nilivyomwona mke wangu akiwa na miaka ishirini: ana nywele zilizosukwa, midomo imefunguka kidogo kama aliyekatizwa neno.

"Amependeza," Mama akasema. "Ahsante sana, baba. Umefanya kazi."

Gundi aliniangalia, akaiangalia karatasi. Akasema ni kweli, amependeza. Akanywa chai yote, akaomba na ya pili, naye si mtu wa kukaa kwa watu.

Mlangoni alinong'ona, "Ameacha kuona lini?" Nikamwambia Jumamosi iliyopita. Akatikisa kichwa, akashuka ngazi. Mwavuli wangu akaondoka nao tena.

24 Aprili

Mvua. Nimemwandikia mhariri aya fupi ya kusahihisha: kwamba jumba la hifadhi halilali. Ameiweka ukurasa wa tisa, chini ya hali ya hewa.

2 Mei

Mvua imepungua. Gundi amesema fundi wa paa yuko juu.

8 Mei

Onyesho ni tarehe kumi na saba, saa kumi alasiri. Nilimwambia Mama, nikaongeza kwamba hana haja ya kujitaabisha, barabara bado ni tope.

"Masikio yangu yamepelekwa kwa daktari?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Basi nitakwenda kumsikia." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba sura ya mwanawe anayo, haijamtoka, ila sauti imeanza kumponyoka. Huijaribu usiku kichwani na inakuja ya mtu mwingine.

11 Mei

Filamu ya kale ya mabaharia. Sikumbuki ilivyoisha.

17 Mei

Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa zaidi ya nilivyotarajia. Wengi walikuwa watu wazima waliokuja kuona mji ulivyokuwa. Mama alivaa nguo yake ya harusi za watu. Tulikaa nyuma, kwa mazoea. Taa zilipozimwa nilianza kumnong'onezea majina ya waigizaji, akanigusa ninyamaze.

Filamu inaanza na milio ya saa, saa nyingi, kila moja na mwendo wake. Fundi saa anaigizwa na mzee mwenye sauti kubwa anayeongea kana kwamba wateja wake wote ni viziwi. Binti mkubwa anamlaumu. Kisha mlango unafunguka na binti mdogo anaingia na sinia ya vyuma vidogovidogo.

Nilijua ningemwona, nimeiona hata picha. Haikunisaidia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyopata kumjua, na alitembea kama mtu aliyeambiwa asimwage.

"Ndiye huyu," nikamwambia Mama.

Binti akamwambia baba yake kwamba saa ya ukutani imesimama tena.

Mama aliinua mgongo kutoka kwenye kiti. Akasubiri. Binti akasema sentensi ya pili.

"Huyo si mwanangu," Mama akasema.

Aliisema kwa sauti ya kawaida, na watu wa mbele wakageuka. Mimi nami nilikuwa nimeisikia. Ilikuwa sauti nzuri, nzito, iliyofunzwa. Ya mke wangu ilikuwa nyembamba, na mwisho wa maneno ilikuwa ikikwaruza. Ndipo nilipokumbuka ninachokijua kwa kazi na sikukifikiria kwa mapenzi: enzi zile walipiga picha kwanza, kisha sauti zikatiwa studio, mara nyingi na watu wengine kabisa.

Nikamweleza hivyo. Uso ni wake, sauti wamemtia mtu mwingine. Mkono wake ukautafuta mkoba, nikajua anainuka. Kwenye skrini mke wangu alikuwa akifungua midomo na mwanamke nisiyemjua akisema.

Mkono ukatulia.

"Basi wewe sema," akasema.

Nikajaribu. Nikasema anaonekana ana huzuni anayoificha.

"Usinisomee gazeti. Anafanya nini?"

"Anafuta mikono kwenye sketi."

"Yote miwili pamoja?"

"Wa kulia. Sasa wa kushoto."

"Endelea."

"Amekwenda dirishani. Amesimama kwa mguu mmoja. Mwingine anajikunia nao nyuma ya goti."

"Ndiye," akasema Mama, akaegemea kiti.

Nikaendelea. Sijapata kufanya kazi ngumu kama hiyo. Sikuwa na nafasi ya kusema filamu inakwenda polepole au mwanga ni mbaya. Nilisema anapanda ngazi, ameruka kidato kimoja. Nilisema anakula tunda na amelishika karibu na pua. Nilisema dada yake anamsuka naye amefumba jicho moja kwa maumivu. Kila mara Mama aliuliza jambo dogo zaidi: jicho lipi, ngazi ya ngapi, amecheka kwa meno au kwa mdomo. Bwana mmoja mbele yetu alituomba tunyamaze. Gundi alitoka mlangoni, akamwinamia, akamwambia kitu sikioni, na yule bwana akahama bila kinyongo.

Kisha binti anaugua. Nilijua kinachokuja, nikapunguza maneno. Mama akaniuliza mbona nimenyamaza.

"Yuko kitandani."

"Sema."

"Macho yamefungwa. Fundi saa amemshika mkono. Dada yake anazisimamisha saa ukutani, moja baada ya nyingine. Shuka limefika kifuani."

"Amekufa?"

"Amekufa."

Saa ya mwisho ilinyamaza. Hapakuwa na muziki. Mwongozaji alitaka tumtazame, na akatuacha hapo muda mrefu kupita kiasi, uso na kifua, hakuna kingine. Nami nikaona, kwa sababu ni kazi yangu kuona.

"Anapumua," nikasema.

"Nini?"

"Anapumua, Mama. Shuka linapanda. Limeshuka. Anajitahidi kujizuia, hawezi."

Alinishika mkono.

"Bado?"

"Bado. Linapanda."

"Na sasa?"

"Bado."

Hatukusema kitu kingine. Aliendelea kuuliza nami nikaendelea kumjibu hivyo hivyo, hadi picha ilipofifia yenyewe.

18 Mei

Mvua nyepesi asubuhi, kisha basi. Mama amelala hadi saa nne, kitu ambacho si kawaida yake.

20 Mei

Mhariri alitaka ukurasa mzima: mume, mama, kumbukumbu, picha kubwa. Nimempa maneno mia sita. Nimeandika kwamba "Nyumba ya Fundi Saa" ni filamu ya wastani. Nusu ya pili inajikokota, sauti hazikai vizuri kwenye midomo, na fundi saa anapiga kelele mno. Kuhusu binti mdogo nimeandika sentensi moja: kwamba anaendelea kupumua baada ya kufa, na sijui kama mwongozaji hakuona au aliona akaacha, ila namshukuru kwa lolote kati ya hayo. Mhariri aliuliza kama hiyo ni sifa au kasoro, aiweke wapi. Nikamwambia aiache ilipo.

Jioni nilimsomea Mama yote, bila kuruka. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha upande wangu.

"Kweli ni ya wastani," akasema. "Yule mzee ana kelele."

Akaikunja kanga yake magotini.

"Itaonyeshwa tena lini?"

Nikamwambia Gundi amesema Jumamosi, saa kumi.

"Basi Jumamosi tuwahi."